Kidole cha Mzani

Nilikiandika kile kisanduku usiku, Area C,
umeme umerudi, chai imepoa,
mistari sita tu ya msimbo:
ikibonyezwa F9, skrini iulize, "Futa mzigo huu?"
Chini yake vitufe viwili. Ndiyo. Hapana.
Nikaipa Ndiyo ukingo mnene,
iwe chaguo-msingi, Enta ikigongwa iitike yenyewe,
kwa sababu mimi, mezani kwangu, huwa najua ninachofuta.

Agosti, Hombolo, ghala la ushirika.
Simu ikaja saa mbili asubuhi:
"Programu yako imekula zabibu za mtu."

Nilimkuta Merina Chilongani amekaa juu ya kreti tupu.
Risiti hana. Zabibu zake zimeshachanganyika kwenye lori.
"Arobaini na moja na nusu," alisema.
"Shingo hii ndiyo iliyozibeba. Uliza shingo."

Vumbi lilinitangulia mle ndani,
kipanya kimekufa tangu Juni
na Yuniki Chidawali hana habari nacho.
Anaandika kwa vidole vinne na gumba moja,
macho yako kwenye kreti, hayako kwenye skrini,
kama mtu anayechambua mchele huku anapiga soga.
Jina, kijiji, aina, idadi,
na kuruka kutoka nafasi hadi nafasi
kuna kile kitufe anachokiita Tabu.
Sikumsahihisha.

Nikageuza ndoo, nikakaa, nikatazama.

Mizigo kumi na miwili ilipita salama.
Wa kumi na tatu kidole kiliteleza,
F9 badala ya F8,
skrini ikauliza swali langu.
Papo hapo bibi mmoja mlangoni:
"Mbukwenyi!"
Na salamu ya huku hailipwi nusu.
Watoto? Mbuzi? Na mguu wa mzee, umepoa?
Yuniki amegeuka, mikono yote miwili kampa mgeni.
Hakuna mtu aliyegusa kibodi. Naapa.
Kijana wa kupakua akatua kreti nyingine kwenye mzani,
namba zikacheza, zikatulia,
kisanduku kikajifunga.

Mzigo umefutwa.

Ilinichukua muda kuelewa,
mimi niliyeuchomeka waya ule kwa mkono wangu:
mbele ya kompyuta mzani si mzani,
ni karani mwingine tu.
Anaandika 27.4, halafu Enta.
Kila mara, Enta,
hatazami mbele yake kuna nini.
Kidole cha chuma,
na aliyekiwekea Ndiyo chini yake ni mimi.

Nikafungua msimbo palepale, kompyuta magotini.
Ukingo mnene nikauvua kwenye Ndiyo.
Mkono ukataka kuuvisha Hapana,
nikasita: swali lingejifunga kimya,
Yuniki asijue kwamba aliwahi kuulizwa.
Basi vyote viwili nikaviacha vitupu.
Enta ikija, isikute mwenyeji.
Anayetaka kufuta aandike herufi tatu,
herufi, namba sizipokei,
za jina la mwenye mali.
Na kitufe cha kutorokea, kule juu pembeni,
nikakiacha wazi kwa yeyote.

"Herufi tatu?" Yuniki akasonya. "Na foleni hii?"
"Tatu."
Akachukua kalamu, akaandika 41.5 kwenye daftari,
akamsogezea Merina wino aweke dole gumba.

Alasiri kidole kiliteleza tena
(au alikitelezesha makusudi, sikuuliza).
Mlangoni sauti nyingine, "Mbukwenyi!"
Kreti ikatua.
Mzani ukaandika 19.8, ukagonga Enta.
Swali likabaki pale pale kwenye skrini
watoto wakaulizwa, mbuzi wakaulizwa,
mvua ya mwaka jana ikalalamikiwa,
nalo lipo tu, linasubiri
mpaka salamu iishe.